Masikio ya Lugano

Lugano alifika sokoni Lyulilo saa nne asubuhi, peku, shati la chuo limefungwa vifungo kwa kupishana, na hakumsalimia mtu yeyote. Jumamosi ni siku ya vyungu. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kushusha mizigo, akina mama wa Ikombe wamepanga vyungu vyao mchangani kwa safu, vikubwa nyuma na vidogo mbele, na wachuuzi waliokuja na pikapu kutoka Kyela mjini walikuwa wanapita wakigonga chungu kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima huitika kwa sauti ndefu. Chenye ufa hukata sauti, kama mtu aliyeulizwa jambo asilolipenda. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, hasa ukishapitishiwa ile rangi nyekundu, ndiyo maana mama wa Ikombe humfundisha bintiye kusikiliza kabla ya kumfundisha kufinyanga.

Keziya, mama yake Lugano, alikuwa amekaa katikati ya wenzake akisimulia harusi moja ya Busale, ambayo bwana harusi alikodi muziki wa spika mbili na jenereta likagoma kuwaka mpaka bibi harusi akalia. Wenzake walikuwa wamejishika mbavu. Alipomwona mwanawe akaacha sentensi katikati.

"Lugano! Umetokea wapi? Chuo kimefungwa?"

"Chuo kimefunguka," Lugano alisema.

Akachuchumaa mbele ya vyungu vya mama yake. Hakukigusa hata kimoja. Aliinamisha kichwa upande, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mchuuzi mmoja akaanza kucheka.

"Hiki," Lugano akanyoosha kidole. "Na hiki. Na kile chenye shingo. Vinalia."

"Haa!" akasema Angetile, jirani yao, mwanamke mwenye mdomo uliokuwa ukifika Matema kabla ya mtumbwi wake. "Kumbe chuo cha ualimu siku hizi wanafundisha na uganga? Hebu nisomee na mimi, mwalimu, mume wangu analala wapi?"

Watu wakacheka. Yule mchuuzi akainama, nusu kwa utani, akagonga chungu cha kwanza. Kikakata sauti. Akagonga cha pili. Kikakata. Akagonga kile chenye shingo, na hicho kikaitika vizuri, kirefu na safi, mpaka watu wakapiga kelele za kumzomea Lugano. "Mwalimu, huyo wa tatu umemwonea!" Mchuuzi akakiinua amwonyeshe. Kitako kikabaki mchangani.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Mawimbi yalikuja, yakarudi. Mchuuzi alikuwa bado ameshika shingo ya chungu mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Keziya akakiokota kile kitako. Marehemu mama yake, bibi Jeni, alikuwa na sifa hiyo pwani nzima: anasimama mlangoni, anakwambia kipi kimepasuka. Lakini hata bibi Jeni alingoja mtu agonge.

"Ni bibi yake," Keziya akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaisema tena, kwa sauti ya kusikika. "Jamani, ni bibi yake huyu!"

Ingekuwa ni familia ya wakulima wa mpunga, au ya karani, labda wangemtazama yule kijana miguuni, wakaona nyayo zilizochanika kwa kutembea. Labda wangemtazama midomo iliyokauka. Lakini wale walikuwa wafinyanzi, watu wanaokula kwa masikio, na walichokiona ni masikio tu.

Kufikia Jumapili mchana nyumba ya Keziya kule Ikombe ilikuwa imejaa.

Keziya hakuwahi kuichukia nyumba iliyojaa. Ulikuwa mwaka ambao hakuna aliyekosa bendera ya chama chake wala hoja ya kubishania, na kwa kawaida ukitaka kujua nani kahama chama, nani kavusha sabuni kutoka Karonga, nani kaonekana na mke wa nani, ulikwenda uani kwa mama Lugano. Lakini watu wa safari hii walikuja kwa hatua nyingine. Walivua viatu mlangoni. Walikuja kutoka Matema na kutoka Ikolo, na ndugu wawili walivuka ziwa kutoka upande wa Malawi, wakaleta dagaa wakavu wa usipa. Waliketi kwenye mikeka, wakamtazama Lugano.

Na Lugano aliongea. Kwa haki lazima isemwe, aliongea maneno ambayo watu wale hawakuwahi kuyasikia hata kanisani. Alisema udongo unaikumbuka mikono yote iliyowahi kuushika. Alisema chini ya ziwa kuna vyungu vyote vilivyozama na mitumbwi tangu zamani, vimekaa wima, na kila kimoja kimejaa sauti ya mtu aliyekibeba. Mzee mmoja ambaye mkewe alizama na mzigo wa vyungu alipiga magoti pale pale, akamwomba amwambie anasema nini. Lugano akamtazama kwa macho mekundu yaliyojaa machozi, akasema, "Anasema maji si baridi." Mzee akalia kama mtoto, akaondoka ameinua kichwa.

Nani angesema huyu anaumwa?

"Halali," Jonasi alimwambia mkewe Jumanne, wakiwa nyuma ya nyumba. Jonasi, baba yake Lugano, alikuwa mvuvi mpole, mwenye maneno machache na nyavu nyingi. "Leo siku ya tatu hajalala, mama Lugano. Wala hali."

"Samweli wa kwenye Biblia alilala?"

"Alilala. Ndiyo maana akaamshwa."

"Basi wewe kamlaze!" Keziya akasema, akacheka, akarudi kwa wageni. Lakini alikuwa ameyaona pia. Aliona mwanawe anavyofunika vyungu vya ndani kwa khanga na mashuka, kimoja kimoja. Alimsikia akiwaambia, "Basi, basi, nimesikia, nyamazeni." Mtu mwenye kipawa hukiomba kinyamaze? Swali hilo lilimpita kichwani, na kabla hajalishika, Angetile alikuwa ameshaita kutoka uani: "Mama Lugano! Wageni wa Ikolo hawa, wamekuja na kuku!"

Jonasi akabaki nyuma ya nyumba. Akapenyeza mkono chini ya makuti ya paa la banda la nyavu, akatoa bunda dogo lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, lililobana kama gunzi la hindi. Akamega, akasokota, akavuta taratibu akitazama maji. Hivyo ndivyo alivyofanya kabla ya kila safari ya ziwani kwa miaka ishirini, na hakuna siku aliyomsikia samaki akimwita kwa jina.

Alhamisi alikuja kijana mwembamba, mrefu, kwa njia ya miguu kutoka Matema, akiwa amebeba begi la Lugano kichwani na viatu vya Lugano ameviningʼiniza shingoni kwa kamba zake.

"Shikamoo mama. Ugonile."

"Marahaba. Kinyakyusa kizuri, lakini hapa sisi Wakisi," Keziya akacheka. "Karibu. Subiri hapo, wageni ni wengi."

"Mimi si mgeni wa hayo, mama. Naitwa Tumaini. Nasoma chuo kimoja na Lugano, yeye mwaka wa kwanza, mimi wa mwisho, tunalala chumba kimoja. Naomba kuongea nanyi wazazi. Pembeni."

Wakaenda kwenye banda la nyavu. Tumaini hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisimama ameshika kofia yake, akaongea akitazama kofia.

"Mama, baba, Lugano anaumwa. Alianza kama wiki sita zilizopita. Kwanza alisema redio ya mlinzi inamtaja. Tukacheka, tukadhani utani. Halafu akasema mwalimu wa saikolojia anayasoma mawazo yake na kuyaandika ubaoni. Akaacha kula bwaloni. Siku alipotoroka tulimtafuta mpaka mtoni."

"Amelogwa huko," Keziya akasema haraka.

"Hapana, mama. Tulikuwa tunavuta bangi." Akameza mate. "Wanne. Nyuma ya bustani ya chuo. Mwanzo ilikuwa ya kukesha na vitabu, baadaye ikawa ya kila siku. Sisi wengine tunacheka, tunakula ugali wa watu wawili, tunalala. Yeye akawa hachekei tunachokichekea. Halafu akaacha kulala. Tukamwambia aache, akawa anavuta peke yake, anasema ikikolea ndiyo wananyamaza. Baadaye ikawa ikikolea ndiyo wanazidi. Na mimi..." Kofia ikazunguka mikononi. "Ya kwanza nilimwashia mimi."

Jonasi alikuwa ameinamia nyavu muda wote, vidole vinatafuta tundu la kushona. Havikulipata.

"Mlinunua wapi?" akauliza.

Tumaini akazidi kuizungusha kofia.

"Nakuuliza, kijana. Mlinunua wapi?"

"Nyingine tulinunua, baba. Ile ya mwanzo Lugano alikuja nayo. Alisema ametoka nayo nyumbani. Kwa ajili ya baridi."

Kweli kule chuoni, juu milimani, baridi huuma, na mtoto wa ziwani hajaizoea. Januari Jonasi alikuwa amemsindikiza mwanawe mpaka stendi, akamtumbukizia mfukoni gunzi dogo la bangi bila mama yake kuona, baba na mwana, wanaume wawili, na akajisikia vizuri njia nzima ya kurudi.

"Mwongo!" Jonasi akasimama. Sauti yake haikuwahi kupanda hivyo. "Mimi navuta miaka ishirini! Baba yangu alivuta mpaka kaburini! Nani hapa kachanganyikiwa? Mnamwonea wivu mwenzenu kwa alichopewa na Mungu, mnakuja kumchafua mpaka nyumbani kwao!"

"Wivu tu huo!" sauti ya Angetile ikaitikia nyuma ya ukuta wa matete, ambako alikuwa amepita kwa bahati mbaya na kusimama kwa bahati mbaya. "Wenzake hawajasikia hata sufuria, iwe chungu!"

Mpaka jioni habari ilikuwa imezunguka. Watu walipopakuliwa wali kwa samaki, Tumaini alipewa wali mtupu. Alishukuru kwa "ndaga", akaula wote, akasuuza sahani yake mwenyewe ziwani. Mtu mmoja akamuuliza kwa kejeli kama kwao ni watu wa majani. Lakini hakuondoka. Alijilaza kwenye banda la nyavu, karibu na mlango wa chumba cha Lugano.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuchoma vyungu.

Mvua za masika zilikuwa zimekata wiki hiyo, nyasi zimekauka vizuri, na akina mama sita waliunganisha kazi zao kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba ya Keziya. Walipanga kuni chini, vyungu juu yake vimelala vikiegemeana, kisha matete, kisha nyasi, mpaka ikawa kilima. Katikati waliweka chungu kikubwa kuliko vyote, ambacho Keziya alikifinyanga kwa siku nne, cha kuhifadhia maji, unene wa ukuta wake sawa kutoka mdomoni mpaka kitakoni. Moto ukawashwa saa tatu. Watu wa kutazama walikuwa hamsini au zaidi, maana wote walitaka kumwona Lugano akisikiliza moto.

Lugano alitolewa ndani. Alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, na kutembea kwake kulikuwa kwa mtu anayepita kwenye umati hata pale palipokuwa wazi. Akasimama mbele ya kilima kile cha moto. Joto lilikuwa limewarudisha watu wote nyuma hatua kumi. Yeye hakurudi.

"Kile kikubwa," akasema. "Kimepasuka."

Keziya akajishika kichwa. Siku nne za kazi. Wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma na kwa hofu.

"Kuna mtu ndani," Lugano akasema, na sasa alikuwa analia. "Kuna mtoto ndani, mama. Hamsikii? Anaungua. Jamani, hamsikii?"

Akaingia kwenye moto.

Hakuna aliyekimbia. Hilo ndilo Keziya hakulisahau mpaka uzee wake: watu hamsini walisimama na midomo wazi, na yeye mmoja wao, kwa sababu kwa pumzi tatu au nne kitu kile kilikuwa kizuri kutazama. Kijana aliingia kwenye moto kama anaingia majini. Nyasi zilizowaka zilipaa juu ya kichwa chake. Akainama, akakumbatia kile chungu chekundu kama kaa kwa mikono mitupu, akakivuta kikabingirika nje mchangani. Akageuka kurudi tena. Aliyemdaka alikuwa Tumaini, kisha Jonasi, wakaanguka naye wote watatu, nywele za Tumaini zinafuka moshi.

Chungu kilikuwa kimelala mchangani, kinapoa kwa milio midogo midogo. Kila mfinyanzi anajua chungu kinachotolewa motoni kwa ghafla hupasuka, hata kama kilikuwa kizima. Keziya akaokota kijiti. Mkono wake ulijua kazi yake hata kama kichwa hakikuwepo. Akagonga.

Kikaitika. Sauti ndefu, nzima, ya chini, ikaenda mpaka majini. Hakukuwa na ufa. Hakukuwa na kitu chochote kwenye chungu kile isipokuwa kazi nzuri.

"Amekiponya!" Angetile akapiga kigelegele. "Kilikuwa kimepasuka, amekiponya! Jamani, mmeona? Mmeona kwa macho yenu!"

Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Watu walipiga magoti. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake mchanga juu ili Lugano amtazame.

Keziya alikuwa anatazama mikono ya mwanawe. Ngozi ya viganja ilikuwa imetoka, imeningʼinia kama ganda la kitunguu, na Lugano hakuwa anaitazama. Alikuwa anatabasamu kwa mtu ambaye hayupo, upande wa kushoto, akimtingishia kichwa, akimwambia, "Haya, haya, tayari."

Huyu hasikii vyungu, Keziya akajua. Hajawahi kusikia chungu hata siku moja. Jumamosi alibahatisha, au jicho lake lilikumbuka mafunzo ya utotoni, Mungu anajua. Anachosikia ni kingine, na yuko peke yake nacho humo ndani, na sisi tumekaa wiki nzima tunakipikia wali.

"Nendeni," akasema.

Hawakusikia kwa vigelegele.

"Nendeni kwenu!" Sauti ikamtoka ambayo wenzake hawakuijua. "Hapa hakuna nabii! Hapa kuna mgonjwa! Mwanangu ni mgonjwa, nendeni!"

"Mama Lugano, usikufuru," Angetile akamshika mkono.

"Angetile, dada yangu, nakuheshimu. Toka uani kwangu."

Alihesabiwa hilo kwa miaka. Mwanamke aliyeishi kwa ajili ya watu akawafukuza watu hamsini kwa siku moja, na baadhi yao walikwenda na kuku wao.

"Tumpeleke hospitali," Keziya akasema. Uwanjani palikuwa pamebaki moto na wao wanne.

"Mikono tutaipaka asali," Jonasi akasema.

"Mikono ndiyo ninayoisemea?"

Jonasi akatazama chini. "Watauliza kilichompata. Wakisikia bangi wataita polisi. Watamfungia na wendawazimu. Chuo kitamfukuza. Watasema..."

"Watasema baba yake alimpa."

Jonasi akainua macho. Keziya hakuwa ameambiwa na mtu. Alikuwa amekaa jana kwenye lile banda, amekodolea macho zile nyavu, na yeye pia alizaliwa na masikio.

Jonasi akatembea mpaka ufukweni, akasukuma mtumbwi majini.

Wakaweka mikono ya Lugano kwenye kitambaa kilicholowa. Tumaini alikaa nyuma yake, amemkumbatia kiunoni, kwa maana mara mbili alitaka kushuka. Ziwa lilikuwa limetulia kiasi kwamba milima ilikuwa imo ndani yake yote, kichwa chini, na mtumbwi ulipita juu ya vilele. Lugano aliinamia ukingo, akaanza kusimulia anachokiona kule chini: barabara, na watu waliobeba taa, na mji mkubwa usio na kelele. Aliyasema kwa upole mwingi. Keziya akajikuta anainama naye, anatazama. Palikuwa na maji tu, ya kijani, na kina kisicho na mwisho, na kwa mara ya kwanza akaelewa ukubwa wa kitu alichonacho mwanawe. Mji mzima ulikuwa umo kwenye kichwa hiki alichokinyoa mwenyewe kwa wembe tangu utotoni, na hakuwa na njia ya kuingia humo kumtoa. Akaogopa kama mtu anavyoogopa akiwa mbele za Mungu.

Jonasi alipiga kasia. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyafuta.

Hospitalini Matema, foleni ya wagonjwa wa nje ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Wengi walikuwa watu wa Matema, na wengi wao walishakula wali wa Ikombe wiki hiyo. Wakageuka kutazama. Karani aliyekaa dirishani akainua kalamu.

"Jina la mgonjwa? Anasumbuliwa na nini?"

"Ameungua mikono," Jonasi akasema.

"Ameunguaje?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Hata watoto mgongoni.

"Mwanangu anasikia watu wasiokuwepo," Keziya akasema, kwa sauti ya kutosha foleni. "Mmoja wao alimwambia aingie motoni."

Kalamu ikasimama. Mtu fulani nyuma akaguna.

"Amekuwa akitumia kitu chochote? Pombe? Bangi?"

Keziya akafungua mdomo, lakini hakuwahi. Jonasi alikuwa amevua kofia, kama kanisani.

"Bangi," Jonasi akasema. "Ya mwanzo nilimpa mimi. Mimi baba yake. Andika hivyo."

Karani akamtazama, kisha akaandika kitu kifupi. Hakuita polisi. Akasema tu, "Mpitisheni mbele," na foleni ikasogea kando, mtu mmoja mmoja, mpaka njia ikawa wazi.

Daktari Lameck alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisafisha mikono, akachoma sindano moja, akangoja, akachoma nyingine. Lugano akaanza kulegea akiwa bado katikati ya sentensi, kisha akalala. Keziya hakuwa amemwona amelala kwa siku saba.

"Alivuta na wenzake, wenzake ni wazima," Jonasi akasema. "Mimi mwenyewe ni mzima. Kwa nini yeye?"

"Sijui, mzee," daktari akasema. "Nikikwambia najua nitakudanganya. Wako watu kichwa chao kimebeba ugonjwa huu umelala, na bangi inaweza kuuamsha, hasa kwa kijana. Hakuna njia ya kumtambua mapema. Asiiguse tena, hata mara moja. Na dawa asiache, hata akijiona amepona. Hapo ndipo wengi wanaporudi hapa."

"Atarudi kuwa yeye?" Keziya akauliza.

"Wengi wanarudi kabisa. Wengine wanarudi sehemu. Mmemleta mapema kuliko wengi. Tumpe siku tuone."

Keziya akafikiria udongo wa shimo moja, uliokandwa na miguu ile ile, ukachomwa kwa moto ule ule. Hata yeye, baada ya miaka thelathini, hakuwahi kujua kabla. Alijua baada ya kugonga tu.

Lugano alilala Jumamosi nzima. Jumapili aliamka, akanywa uji, akatazama ukuta, akalala tena. Jonasi alirudi Ikombe kuleta nguo, na watu waliokuwa ufukweni walisimulia kwamba kabla ya kuingia nyumbani alikwenda kwenye banda la nyavu, akapenyeza mkono kwenye makuti, akatoka na bunda, akaingia nalo majini mpaka kifuani.

Tumaini hakuondoka wodini. Alichota maji, akamlisha mwenzake kwa kijiko kwa sababu ya bandeji, akamgeuza, akafua mashuka. Keziya alimwachia afanye, kwa ule uzito wa mtu aliyechoka. Alikuwa bado anamwonea haya kwa ule wali mtupu.

Jumatatu asubuhi, wauguzi walipokuwa wanagawa dawa, Lugano akafungua macho, na macho yale yakatulia mahali pamoja. Yakamtazama mama yake. Yakatazama bandeji. Yakamfikia Tumaini, aliyekuwa amechuchumaa sakafuni akisuuza kikombe kwenye beseni, nywele za mbele zimeungua zimebaki visiki.

"Tuma," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Leo siku gani?"

"Jumatatu."

Lugano akafikiri. Ilionekana kazi, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo.

"Jumatatu ni Hesabu," akasema. "Mtihani wa Taifa. Saa mbili."

Tumaini akaendelea kusuuza kikombe kilichokuwa safi.

"Tuma. Si umo kwenye orodha?"

"Nilikuwemo."

"Na ule wa Alhamisi? Wa Ijumaa?"

"Imepita, ndugu yangu. Nitaomba nirudie mwakani, wakikubali. Kunywa dawa."

Ukutani saa ilikuwa inaonyesha saa tatu kasoro kumi. Keziya aliitazama, akamtazama yule kijana aliyechuchumaa sakafuni. Siku tano. Amekula kwake, amelala kwake kwenye nyavu, ameingia motoni kwa ajili ya mwanawe, huku huko juu milimani dawati lake limekaa tupu na karatasi imewekwa juu yake. Na yeye Keziya, ambaye hakuna mimba wala posa wala deni la mtu lililompita kutoka Ikombe mpaka Kyela mjini, hakuwa amemwuliza neno hata moja. Aliyeuliza ni mgonjwa. Katika kichwa kile kilichokuwa na mji mzima ndani yake, katikati ya kelele zile zote, palikuwa pamebaki mahali pa ratiba ya mtihani wa mwenzake.

Akasimama. Akamwondolea Tumaini kikombe mkononi, akakiweka kando, akamshika bega akamketisha kitandani, karibu na miguu ya Lugano. Yeye akakaa sakafuni alipokuwa amechuchumaa yule kijana, kwenye maji yaliyomwagika.

"Mwanangu," akasema, "kwenu ni wapi? Na mama yako anaitwa nani?"